Mwindaji Aliyepewa Ufagio

Kuna hukumu moja ambayo pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Lamu hadi Mtwara, imeipitisha bila kusikiliza shahidi hata mmoja. Inasema kwamba yule kaa wa mchangani, mweupe-weupe, mwenye macho yaliyosimama juu ya vikonyo, ni mzoa taka. Samaki akifa akatupwa na wimbi, kaa atammaliza. Ganda la embe likidondoka, kaa atalikokota hadi shimoni. Waongoza watalii huwaeleza wageni hivyo, wazazi huwaambia watoto hivyo, na wenye hoteli za ufukweni hutabasamu kwamba wana bwana afya asiyedai mshahara. Sifa hiyo hutolewa kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo ugumu wa kuipinga unapoanzia, maana nani atakaa kubishana na sifa njema?

Inafaa kubishana nayo hata hivyo, kwa sababu si kweli, na uongo wake una gharama. Kaa huyu ni mwindaji. Huwinda usiku, huwinda viumbe wadogo walio hai, na mizoga anayookota ni nyongeza tu ya chakula alichokifuata mwenyewe kwa miguu yake.

Kwanza ajulikane ni nani. Jina la kitaalamu la ukoo wake ni Ocypode, na fukwe zetu zina aina kadhaa. Ocypode ceratophthalmus hutambulika kwa vijipembe vinavyochomoza juu ya macho ya wale waliokomaa. Ocypode ryderi, anayeenea kuanzia Afrika Kusini hadi Kenya, ana rangi ya waridi na viungo vya zambarau. Ocypode cordimana hana pembe na hupenda kuchimba juu zaidi, karibu na majani yanayotambaa mchangani. Ndugu zao wako Bahari ya Shamu, Mediterania na upande wa pili wa Atlantiki. Kwa mwili na kwa mwenendo wanafanana sana, kiasi kwamba lililothibitishwa kwa mmoja ni ushahidi mzito kwa mwenzake.

Na kwa mmoja limethibitishwa zamani. Mwaka 1978 mwanabiolojia wa Marekani Thomas Wolcott alichapisha utafiti juu ya Ocypode quadrata wa fukwe za North Carolina, akiuliza swali hilihili: huyu ni mwokota mizoga au ni mwindaji? Alichofanya ni kuwafuata kaa usiku, wakati wao wa kazi, na kuangalia walikuwa wakila nini. Zaidi ya asilimia 90 ya chakula chao kilikuwa viumbe hai. Walengwa wakuu walikuwa wawili: aina ya kaa mdogo wa umbo la yai anayejifukia pale mawimbi yanapopanda na kurudi, na chaza wadogo wa rangi mbalimbali wanaoishi palepale. Nusu karne inakaribia kutimia tangu jibu hilo litolewe, na bado fukwe nyingi zinaendelea kurudia kisa cha ufagio.

Kwa nini kosa hili limedumu? Kwa sababu aliyetoa hukumu alikuja mchana. Mchana kaa mkubwa yuko chini ya mchanga, katika shimo ambalo huweza kufika zaidi ya mita moja kwenda chini, na jua likikaza huliziba mlango. Wanaoonekana saa hizo ni wachache, na wengi wao ni wadogo. Mtu huyo anayewatazama mara nyingi yuko mahali ambapo binadamu wengine wapo: kwenye diko, penye matumbo ya samaki na vichwa vya dagaa, au nje ya mkahawa. Kaa akitoka hapo atakula kilichopo. Kumpima kwa mlo huo ni sawa na kukadiria chakula cha taifa zima kwa kuchungulia sinia la harusi.

Tanzania haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kosa la aina hii, kwani iliwahi kulitenda juu ya mnyama mkubwa zaidi. Kwa vizazi vingi fisi alijulikana kuwa mla makombo ya simba. Wageni walifika Ngorongoro alfajiri, wakamkuta simba juu ya nyumbu, na fisi wamezunguka wakisubiri. Hitimisho lilionekana wazi. Kisha Hans Kruuk, mtafiti Mholanzi aliyefika Serengeti mwaka 1964, akaanza kuwafuata fisi usiku. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1972 kiligeuza kesi juu chini: katika bonde la Ngorongoro fisi ndio waliokuwa wakiua nyumbu na pundamilia gizani, na mara nyingi simba ndiye aliyevutwa na makelele akaja kuwanyang'anya. Ile picha ya alfajiri ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa mwisho wa tukio ambalo mwanzo wake hakuna aliyeuona. Fisi alikuwa mwenye mali, akisubiri jambazi amalize.

Kaa wa mchangani hana mbuga wala magari ya watalii yanayomfuata na taa, kwa hiyo kesi yake haijafika mbele ya watu wengi. Wapo wanaojua, kwa kweli. Mvuvi anayerudi na dema kabla ya adhana ya alfajiri, au anayesubiri maji yapwe apate kuvuka kwa miguu, amewaona kaa hawa wakishuka makundi makundi hadi kwenye ukingo wa wimbi. Ila mvuvi huyo hajawahi kuulizwa.

Kuna njia nyingine ya kulipima jambo hili, ya mezani, nayo ni kubuni. Mwaka 1981 Dougal Dixon, mwandishi wa Scotland aliyesomea jiolojia, alitoa kitabu cha wanyama wasiokuwepo, wale aliodhani wangeweza kutokea miaka milioni 50 baada ya binadamu kutoweka. Kilichokifanya kitabu chake kiheshimiwe ni kwamba kila mnyama alijengwa kutokana na mahali anapoishi na anachokula. Ukishajua chakula na ardhi, mwili unafuata wenyewe. Basi mtu na afanye mchezo huohuo kwenye ufukwe wa Kigamboni au wa Malindi. Abuni mnyama wa usiku ambaye chakula chake ni viumbe wadogo waliojificha chini ya mchanga wenye maji.

Atahitaji kumpa nini? Ufukwe hauna mti wala jiwe la kujificha, kwa hiyo mnyama huyo lazima achimbe. Mawinguni na mchangani kuna wanaomtaka yeye pia, kwa hiyo macho yake yaone pande zote bila kugeuza kichwa. Windo liko chini ya ardhi na halionekani, kwa hiyo ahisi mitetemo. Likifukuliwa hujaribu kuzama tena mara moja, kwa hiyo apewe mkono wa kushika haraka na mwingine wa kuvunja ganda. Sehemu anayowinda husogea mita nyingi kila maji yanapojaa na kupwa, hasa wakati wa bamvua, kwa hiyo awe na mbio. Apumue hewa, maana atakuwa nchi kavu saa nyingi, lakini asiwe mbali na unyevu. Rangi yake isitofautiane na mchanga.

Mbunifu akimaliza kuchora atakuwa amemchora Ocypode, kiungo kwa kiungo. Macho juu ya vikonyo yanaona mzunguko mzima. Miguu inahisi mitetemo ya ardhini. Magando hayalingani, moja ni kubwa na jingine ni dogo. Matamvua yamegeuzwa kupumulia hewani, na vishungi vya nywele kati ya mashina ya miguu hunyonya maji kutoka mchanga mbichi ili yasikauke. Kaa mzima anayeishi kando ya bahari atakufa maji akizamishwa muda mrefu, ingawa jike lazima alirudie wimbi kuachia mayai yake. Wadogo wa Ocypode ceratophthalmus hata hubadili mng'aro wa mwili, wakawa weupe zaidi mchana na weusi zaidi usiku. Na mbio zake huzidi mita 2 kwa sekunde, kwa mnyama ambaye mwili wake hauzidi upana wa kiganja.

Sasa mbunifu huyohuyo na ajaribu kubuni mzoa taka. Hatahitaji hata nusu ya vitu hivyo. Samaki aliyeoza hakimbii.

Mtetezi makini wa hukumu ya zamani atasimama hapa, na ana haki ya kusimama. Atasema mbio na macho si lazima yawe ya kuwindia, huenda ni ya kukimbilia. Kaa naye huliwa: na kenge, na kunguru, na yule ndege mweupe na mweusi mla kaa anayekuja kila mwaka kutoka pande za Somalia na Uarabuni na kuonekana kwa wingi Mida Creek, karibu na Watamu. Hoja hiyo ni nzuri, na kama ushahidi wote ungekuwa wa umbo peke yake ingetosha kuiahirisha kesi.

Lakini kuna mahali anapokwenda. Maji yakijaa na kupwa, mizoga na takataka za bahari hubaki juu, kwenye ule mstari wa majani makavu unaoachwa na maji makuu. Mwokotaji angebaki hapo, karibu na shimo lake, mbali na wimbi linaloweza kumchukua. Kaa anaupita mstari ule. Anashuka hadi mchanga ulio tepetepe, pale penye hatari zaidi kwake, kwa sababu hapo ndipo wanapoishi wale kaa wadogo wa kujifukia na wale chaza. Anapapasa, anafukua, anavunja, anakula, anarudi. Hakuna anayekimbilia hatari kwa ajili ya chakula ambacho angekipata mlangoni kwake.

Kuhusu magando, liko jambo jipya la kuongeza. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Scripps huko California, wakiongozwa na Jennifer Taylor, walionyesha kuwa kaa wa Atlantiki wa ukoo huu hunguruma kwa tumbo. Ndani ya tumbo mna meno ya kusagia chakula, na kaa akikabiliwa na adui huyasuguanisha yakatoa sauti. Kabla ya hapo ilijulikana kwamba hutoa mlio kwa kusugua gando mwilini. Faida ya sauti ya tumboni ni kwamba magando yote mawili hubaki huru, yameinuliwa, tayari kwa kazi. Mnyama aliyepata njia ya kutisha bila kuziweka silaha zake chini si wa kupewa pipa la taka.

Si kweli pia kwamba hali mizoga kabisa, na atakayesema hivyo ataaibika siku ya kwanza atakayopita diko. Utafiti wa mwaka 1982 juu ya kaa wa Marekani ulionyesha kwamba huweza hata kuchuja mchanga na kula vijimea visivyoonekana kwa macho. Ni mlaji wa fursa. Mjini, ambako watu wamemwaga chakula kila mahali, mizoga na makombo yanaweza kuwa sehemu kubwa ya mlo wake. Hoja ya makala haya haihitaji kaa asiyegusa mzoga, kama vile Kruuk hakuhitaji fisi asiyegusa mzoga. Simba naye hula mzoga akiukuta, na hakuna aliyewahi kumvua ufalme kwa sababu hiyo.

Basi tofauti iko wapi, mtu atauliza, kama kaa ataendelea kuwa kaa vyovyote aitwavyo? Tofauti iko kwenye trekta. Ufukwe ukichukuliwa kuwa mchanga mtupu, na kaa kuwa msafishaji wake, basi mashine yenye reki inaweza kufanya kazi yake vizuri zaidi, na kwa haraka. Ndivyo inavyofikiriwa sehemu nyingi zenye hoteli: kila asubuhi majani ya bahari yaliyoletwa na kusi yanakusanywa na kuzolewa, mchanga unachanwa hadi unafanana na zulia, na mgeni anapiga picha. Lakini chini ya majani yale mlikuwa na viroboto wa mchanga na wadudu wengine, na chini ya ule mchanga wenye maji mna wale kaa wa kujifukia, ambao hutandaza vipapasio vyao kila wimbi linaporudi na kuchuja chembe za chakula zilizoletwa na bahari. Kaa mkubwa ndiye aliye juu ya mnyororo huo. Ukiona mashimo yake mengi, umeona dalili kwamba chini kuna maisha ya kutosha kumlisha mwindaji. Usafi wa ufukwe ni jambo jingine kabisa.

Wanasayansi wanaitumia dalili hiyo. Mwaka 2001 Francisco Barros alichapisha ulinganisho wa fukwe za mjini na zisizo za mjini karibu na Sydney, akihesabu mashimo ya Ocypode cordimana, jamaa yuleyule anayepatikana kwetu. Penye kuta za bahari na msongamano wa watu mashimo yalikuwa machache zaidi. Tangu hapo kuhesabu mashimo kumekuwa kipimo rahisi cha kujua binadamu ameuumiza ufukwe kiasi gani, kwani hakihitaji maabara, hutosha kamba, daftari na mtu aliye tayari kuamka mapema. Ajabu ni kwamba nadharia ya mzoa taka ingetabiri kinyume: palipo na watu na makombo mengi, kaa wangezidi.

Upo pia ushahidi wa magurudumu. Mwaka 1984 Thomas Wolcott na Donna Wolcott walichunguza madhara ya magari yanayopita ufukweni. Mchana kaa waliokuwa mashimoni hawakudhurika, hata wale ambao mchanga juu yao ulikuwa wa sentimita chache tu. Usiku hali iligeuka, kwani kaa walikuwa nje wakitafuta chakula na magari yaliwaponda. Mtu anayemwamini kaa wa mchana angeruhusu magari usiku, eti ufukwe umelala. Afrika Kusini ililimaliza suala hilo kwa kupiga marufuku magari ya starehe fukweni mwanzoni mwa 2002, mchana na usiku. Kwetu, pikipiki na magari bado hukatiza mchangani maji yakipwa, mara nyingi gizani, na hakuna anayehesabu.

Historia ya pwani hii ina onyo jingine kuhusu kumpa mnyama cheo cha ufagio kabla ya kumtazama. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka za mji. Hakuna aliyeuliza angekula nini taka zikipungua. Alikula makinda na mayai ya ndege wengine, vifaranga vya kuku, na chochote kingine alichokiweza, akavuka hadi bara na kuenea. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru hao hadi milioni moja kwa sumu. Kaa wa mchangani si mgeni kama kunguru, wala hana kosa lake, lakini waliowabatiza wote wawili walikuwa na akili moja: wakaangalia kazi ambayo binadamu angependa ifanywe, wakamkabidhi mnyama aliyekuwa karibu.

Hukumu hii ya mzoa taka ina pacha wake, na mara nyingi hutoka kwenye kinywa kilekile. Msimu wa kasa ukifika, bwana afya hubadilika ghafla kuwa mwizi. Ni kweli kaa hufukua viota na kuwakamata watoto wa kasa wanapokimbilia majini, na wanaolinda viota wanalijua hilo vizuri. Lakini mtu hawezi kushikilia hukumu zote mbili. Anayemshtaki kaa kwa kukamata kitoto cha kasa kilicho hai na kinachokimbia amekwisha kukubali kwamba kaa ni mwindaji.

Na mwindaji huyo hakumaliza kasa. Kasa mmoja hutaga mayai 100 na zaidi katika kiota kimoja, kwa sababu tangu zamani sehemu kubwa ya watoto wake ililiwa njiani na mchangani. Kilichoongezeka ni nyavu za jarife zinazonasa kasa wakubwa, watu wanaofukua mayai, na taa. Watoto wa kasa hutoka usiku na kuelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao zamani ulikuwa bahari. Taa ya baa au ya ukuta wa nyumba ya wageni ikiwaka upande wa nchi kavu, hupotea, wakatambaa juu na chini mchangani badala ya kuingia majini kwa dakika chache. Muda wote huo wako mbele ya kaa aliyetoka kuwinda, kama anavyotoka kila usiku. Kabla ya mtu kuchukua jembe aende kuponda mashimo, na aizime taa hiyo kwanza, au aifunike isimulike ufukweni, kisha ahesabu tena watoto wa kasa waliofika majini.